Ulinzi wa Mpaka na Ulinzi wa Ghala: Fikra za Ndugu Edward Sokoine juu ya Usalama wa Taifa na Marekebisho ya Serikali

Katika madarasa ya itikadi yanayofanyika hapa Kate na kwingineko katika uwanda wa Ufipa, neno "usalama" hutajwa mara kwa mara, lakini mara nyingi kwa maana finyu. Mwulize kada kijana usalama wa Taifa ni kitu gani, naye atakutajia jeshi, polisi, mgambo na wale jamaa wasiovaa sare. Maana hiyo si ya uongo, ila ni nusu tu ya jambo lenyewe. Nusu ya pili ni hali ya ghala, duka, kituo cha kununulia mazao na ofisi ya serikali ambamo mwananchi anaingia kutafuta haki yake. Makala hii inakusudia kueleza jinsi nusu hizo mbili zinavyoshikana, na jinsi zinavyoweza kugombana, kwa kuangalia kazi ya mbunge mmoja ambaye kila kada amemsikia lakini wachache wamemchambua, marehemu Ndugu Edward Moringe Sokoine.

Ndugu Sokoine alizaliwa mwaka 1938 huko Monduli. Alijiunga na TANU mwaka 1961, na katika uchaguzi wa mwaka 1965 wananchi wa Umasai wakampeleka Bungeni, akabaki mbunge hadi alipofariki kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, tarehe 12 Aprili, 1984. Katika miaka hiyo 19 alikuwa Waziri Mdogo kuanzia 1967, kisha Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais mwaka 1970, kisha Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa kuanzia 1972 hadi 1977, na Waziri Mkuu mara mbili: 1977 hadi 1980, na tena kuanzia Februari 1983. Kwa hiyo alikuwa mbunge wa muda mrefu, mtu wa ulinzi, na mtu wa kuendesha serikali. Ni viongozi wachache wetu waliowahi kuyashika mambo hayo matatu kwa pamoja.

Hapana budi tukiri tangu mwanzo kwamba Ndugu Sokoine hakuacha kitabu cha nadharia. Mwalimu aliandika, Sokoine alitenda. Fikra zake tunazisoma katika sheria alizozisimamia, amri alizozitoa na mambo aliyoyaruhusu. Hilo lina faida yake, maana kitendo hakiwezi kufichwa nyuma ya maneno mazuri. Lakini lina hatari pia, kwa sababu ni rahisi kumtwisha marehemu mawazo ambayo ni yetu. Wapo wanaomtaja kila wanapotaka watu wakamatwe. Wapo pia wanaomtaja kila wanapotaka bei zishuke. Wote hao wanachukua kipande na kuacha kingine.

Chimbuko la fikra hizo

Mtu hawezi kuelewa msimamo wa kizazi hicho cha viongozi bila kukumbuka tarehe 20 Januari, 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Jeshi lililorithiwa kutoka kwa mkoloni, lenye maofisa wa Kiingereza na desturi za Kiingereza, liliigeukia serikali ya wananchi, na serikali hiyo ikalazimika kuomba msaada wa askari wa Uingereza kuuzima uasi. Ilikuwa aibu kubwa. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba, 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambalo vijana wake wengi walitoka katika Umoja wa Vijana wa TANU. Fundisho lililotokana na jambo hilo ni kwamba bunduki isiyokuwa na uhusiano na wananchi ni hatari kwa yule yule inayedaiwa kumlinda.

Fundisho hilo likapata sura ya nadharia katika Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Mwongozo ulitolewa Februari, wiki chache baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Obote nchini Uganda tarehe 25 Januari, na miezi michache baada ya Wareno kuivamia Guinea, Novemba 1970. Watu wengi hukumbuka sehemu ya Mwongozo inayohusu mgambo, yaani kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya umma mzima na si ya jeshi peke yake. Lakini katika waraka huo huo, kurasa chache tu mbali, kuna kifungu cha 15 kinachomkataza kiongozi kuwa na majivuno, kutapanya mali, kudharau watu na kuwaonea. Kwa nini mambo hayo mawili yakawekwa katika waraka mmoja? Jibu ni kwamba waandishi wake walikuwa wametazama mapinduzi ya Afrika na kuona kuwa adui wa nje huingia kupitia ufa uliopasuliwa na kiongozi wa ndani. Wananchi waliozoea kudharauliwa ofisini hawatoki na marungu kuilinda ofisi hiyo siku inapovamiwa. Wafanyakazi wa viwandani walikielewa kifungu hicho upesi kuliko wakubwa wao walivyotarajia: katika miaka ya 1972 na 1973 waligoma mara nyingi, wakiwa na Mwongozo mkononi, wakiwataja mameneja waliowafanya kama watumwa.

Ndugu Sokoine alichukua Wizara ya Ulinzi mwaka 1972, waraka huo ukiwa bado mbichi. Mwaka ule ule ndege za Amin zilishambulia Bukoba na Mwanza, mpaka mapatano ya Mogadishu yakafikiwa Oktoba. Kwa hiyo mambo ya Mwongozo kwake hayakuwa masomo ya darasani.

Vita na gharama yake

Majeshi ya Amin yalipoiteka sehemu ya Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Ndugu Sokoine alikuwa Waziri Mkuu. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alilitangazia Taifa vita, na tarehe 11 Aprili, 1979 Kampala ikaangushwa. Historia ya mapigano yenyewe imeelezwa na wengine. Linalotuhusu hapa ni nyuma ya mapigano. Malori ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kupeleka askari na chakula kilomita zaidi ya elfu moja kutoka pwani. Mikoa ilitoa mgambo, ng'ombe, nafaka na fedha. Kazi ya kuunganisha hayo yote ilikuwa ya serikali, na kiongozi wa shughuli za serikali alikuwa Waziri Mkuu. Ilionekana wazi kwamba jeshi linasonga mbele kwa kadiri ghala linavyoliruhusu.

Baada ya ushindi ikaja hesabu. Vita vinakadiriwa kuligharimu Taifa dola za Marekani milioni 500. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na tukalazimika kuanzisha upya reli, ndege na posta zetu. Bei ya mafuta ilipanda tena mwaka 1979. Wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18, na wakafunga. Miezi 18 ikapita, na mikanda haikulegezwa. Sabuni, chumvi, sukari, mafuta ya kula, nguo, betri za redio, vyote vikawa bidhaa za kuonekana kwa nadra. Ndugu Sokoine alijiuzulu mwaka 1980 kwa sababu za afya, akaenda Yugoslavia kusoma, na aliporudi na kuteuliwa tena Februari 1983 alikuta nchi ambayo ina viongozi, ina sheria, ina maduka ya vijiji, lakini haina kitu ndani ya maduka.

Hapo ndipo alipotoa tafsiri yake ya usalama. Alisema kwa vitendo kwamba mlanguzi anayeficha sabuni, ofisa wa shirika la umma anayemwuzia mlanguzi huyo kwa mlango wa nyuma, na kiongozi anayewalinda wote wawili, ni adui wa Taifa kwa maana ile ile aliyokuwa nayo askari wa Amin. Kutokana na tafsiri hiyo yakatokea mambo ya Machi na Aprili 1983.

Kampeni ya mwaka 1983

Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ilianza mwishoni mwa Machi 1983. Watu walikamatwa kwa mamia, mali zikataifishwa, na wazee wanakumbuka jinsi bidhaa zilivyotupwa porini na baharini usiku na watu waliogopa kukutwa nazo. Baada ya ukamataji kuanza, Bunge likapitisha Sheria ya Wahujumu Uchumi ya mwaka 1983. Sheria hiyo iliunda baraza maalumu lililoongozwa na jaji wa Mahakama Kuu akisaidiwa na wajumbe wasio wanasheria. Mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Hakukuwa na dhamana. Hakukuwa na rufaa mahakamani.

Wananchi wa kawaida walishangilia, na kada anayetaka kuelewa historia asione haya kulisema hilo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi walimwona mkubwa akiulizwa alivyopata mali. Kundi ambalo Azimio la Arusha lilijaribu kulifunga kwa masharti ya uongozi lilikuwa limejifunza kuishi ndani ya masharti hayo kwa kutumia majina ya jamaa na marafiki, na sasa lilikuwa na hofu. Heshima ya Sokoine katika mioyo ya watu inatokana hasa na miezi hiyo.

Lakini tuitazame nusu nyingine ya kazi yake ya mwaka huo, ambayo kwa bahati mbaya haitajwi sana majukwaani. Ni katika mwaka huo huo wa 1983 ambapo serikali iliruhusu watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, baada ya shirika la umma kushindwa kukidhi haja. Magari hayo ndiyo tunayoyaita daladala hadi leo, na inasemekana jina limetokana na nauli ya shilingi tano, iliyoitwa "dala". Ni mwaka huo pia ilipotolewa Sera ya Taifa ya Kilimo iliyofungua mlango kwa wakulima wakubwa na wadogo wa binafsi. Maana yake ni kwamba Waziri Mkuu yule yule aliyewaweka walanguzi ndani alikuwa amekwisha kuona kuwa upungufu hauondolewi kwa pingu. Hakuwa na wakati wa kuyaweka mawazo hayo mawili katika mfumo mmoja. Miezi miwili baada ya kifo chake, katika bajeti ya Juni 1984, serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kutoka nje kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa zilikotoka, na maduka yakaanza kujaa. Yaani fedha ile ile ambayo mwaka mmoja kabla ingemfikisha mtu barazani sasa ikakaribishwa. Katika makundi ya mafunzo suala hili hapana budi lijadiliwe kwa uwazi, bila ya kuliita usaliti kwa haraka, na bila ya kulipita kimya.

Hali ilivyokuwa Ufipa

Sasa tuyalete mambo haya nyumbani, maana hapa ndipo nadharia inapopimwa.

Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974 kwa kuunganisha Sumbawanga iliyotoka Mbeya na Mpanda iliyotoka Tabora. Kuundwa kwake kulikuwa tunda la Madaraka Mikoani ya mwaka 1972, ambayo nia yake ilikuwa kuwasogezea wananchi serikali. Mkoa huu una mpaka na Zambia kwa upande wa kusini, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo, iliyokuwa Zaire. Mvuvi wa Kirando au Kipili akitega nyavu usiku, taa anazoziona mbali zinaweza kuwa za nchi nyingine. Katika Mpanda ya wakati huo, ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Katavi, kulikuwa na makazi ya wakimbizi wa Burundi, Katumba kuanzia 1973 na Mishamo kuanzia 1978. (Wakimbizi hao walipewa ardhi wakalima, wakajilisha na kuuza ziada. Hata hilo ni somo la usalama, ingawa halina bunduki ndani yake.)

Na mkoa huu ulikuwa, kama ulivyo leo, mmoja wa mikoa ya nafaka, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mkulima wa Ufipa, aliyerithi ustadi wa kulima kwa vilima vya majani, yaani ntumba, na kupanda ulezi na maharage, aliingia kwa nguvu katika kilimo cha mahindi miaka ya 1970 kwa sababu ya sera moja mahsusi: bei moja nchi nzima. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilinunua gunia la mahindi Sumbawanga kwa bei ile ile liliyonunua karibu na Dar es Salaam. Gharama ya kulisafirisha ilikuwa juu ya shirika. Kwa uwanda ulio mbali na reli, wenye barabara ya vumbi kilomita zaidi ya 200 kufika Tunduma, hiyo ilikuwa haki kubwa. Asiyeikumbuka haki hiyo hawezi kueleza kwa nini mahindi ya Rukwa yaliongezeka namna ile.

Tatizo ni kwamba haki hiyo ililipwa kwa madeni. NMC ilinunua kwa bei isiyofidia gharama ya usafiri, ikakopa benki, deni likakua. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kazi zake kupewa mashirika yaliyoongozwa kutoka mbali. Malori yaliharibika na vipuri vikakosekana kwa kuwa hakukuwa na fedha za kigeni. Malipo ya wakulima yakachelewa. Na hata fedha ilipofika, mkulima aliyekwenda nayo dukani hakukuta cha kununua.

Sasa chukua mtu wa kijiji kilicho karibu na Kasesya. Ana magunia yake. Kituo cha ununuzi hakina fedha wala magunia matupu. Hatua chache mbele, upande wa Zambia, kuna mtu mwenye sabuni, mafuta na kitenge, anayetaka mahindi leo hii. Akivuka usiku na baiskeli yake, ni nani? Kwa mujibu wa sheria ya 1983 angeweza kuitwa mhujumu. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, yule mtu alikuwa anatoa taarifa. Alikuwa anaiambia serikali, kwa njia pekee aliyoachiwa, kwamba kituo cha ununuzi kimekufa. Kumkamata bila kukifufua kituo ni sawa na kumpiga mjumbe na kuichana barua.

Hii haina maana kwamba hapakuwa na wahujumu. Walikuwako, ila hawakuwa na baiskeli. Walikuwa na mihuri. Aliyepanga lori la shirika liende na mzigo wa mtu binafsi huku mahindi ya kijiji yakinyeshewa, aliyetoa kibali cha sabuni ya mkoa mzima kwa rafiki yake mmoja, huyo alikuwa adui kamili, na Ndugu Sokoine alimlenga yeye. Lakini operesheni ikishashuka kutoka juu hadi chini hutekelezwa na watu wa ngazi za chini, na kwa mtekelezaji mwenye baiskeli ni rahisi kumkamata kuliko mwenye muhuri. Hali kama hiyo ilionekana pia katika utekelezaji wa sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka huo huo, ambapo nia ilikuwa kila mtu afanye kazi, lakini mjini waliosombwa wakawa wauza karanga na wanawake wasiokuwa na karatasi za kuonyesha.

Kosa la njia na marekebisho yake

Suala la njia halina budi kuzingatiwa na makada kwa makini, kwa sababu linarudi kila kizazi. Wapo wanaosema: hatari ilikuwa kubwa, mahakama za kawaida zilikuwa polepole na matajiri walikuwa na mawakili, basi hapakuwa na budi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Taifa lenyewe, chini ya Chama kile kile na Rais yule yule, liliijibu mapema kabisa. Mwaka 1984 sheria ya dharura ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Makosa ya Uhujumu Uchumi, Namba 13 ya mwaka huo, iliyorudisha kesi hizo Mahakama Kuu na kumrudishia mshtakiwa wakili na rufaa. Mwaka huo huo, baada ya mjadala wa wananchi ulioanzishwa na mapendekezo ya Halmashauri Kuu ya Taifa ya mwaka 1983, haki za binadamu ziliingizwa ndani ya Katiba. Na Serikali za Mitaa, zilizoondolewa na Madaraka Mikoani mwaka 1972, zilirudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza tena kazi mwaka 1984. Madaraka Mikoani yalikuwa yamewaleta mikoani wataalamu wengi, lakini wataalamu hao waliwajibika kwa wizara na si kwa mkutano wa kijiji; serikali ilisogea karibu huku sikio lake likibaki Dar es Salaam.

Ukiziweka tarehe hizo pamoja, utaona kuwa miaka ya 1982 hadi 1984 ilikuwa na mikondo miwili kwa wakati mmoja. Mmoja ulitaka kulilinda Taifa kwa kuipa serikali mkono mrefu zaidi. Wa pili ulitaka kulilinda kwa kuuweka mkono huo chini ya macho ya wananchi, ya mahakama na ya halmashauri. Mwandishi anaamini kwamba mkondo wa pili ndio uliokuwa karibu zaidi na kifungu cha 15 cha Mwongozo, na kwamba usafi wa Ndugu Sokoine mwenyewe ndio uliowafanya watu waukubali mkondo wa kwanza. Walimwamini mtu. Sheria isiyo na rufaa ikiwa mikononi mwa mtu safi huonekana nzuri, lakini haimwulizi atakayemfuata kama naye ni safi.

Sheria ile ya 1984 bado inatumika, imerekebishwa mara kadhaa, na mwaka 2016 iliundiwa divisheni maalumu katika Mahakama Kuu. Malalamiko juu ya watu kukaa mahabusu muda mrefu kwa mashtaka ya uhujumu yamekuwa mengi kiasi kwamba Rais aliunda Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, ikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikakabidhi taarifa yake mwaka 2023. Kada anayesema mambo hayo ni ya wanasheria tu hajasoma historia ya 1983.

Bunge na macho ya wananchi

Tumesema Ndugu Sokoine alikuwa mbunge. Je, katika mfumo wa leo, ambapo Chama hakishiki tena hatamu kwa maana ya kikatiba ya 1975, kazi hiyo ya kumtazama mwenye muhuri ni ya nani? Tangu mwaka 1992 nchi ina vyama vingi, na wanajeshi hawaruhusiwi kuwa wanachama wa chama chochote. Kwa hiyo Mwongozo hauwezi kusomwa leo kama ulivyosomwa 1971. Mgambo ni wa Taifa. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa Chama, na mwenyekiti wa kitongoji ni wa serikali. Mmoja akijifanya mwingine, wananchi wa chama kingine katika kitongoji hicho wataona kwamba ulinzi si wao, na hapo tumerudi kwenye ufa ule ule.

Mfano mzuri wa jibu unapatikana kwetu Rukwa. Mwaka 1996 marehemu Dakta Chrisant Mzindakaya, mbunge wa siku nyingi aliyewakilisha Kwela hadi mwaka 2010, alisimama Bungeni kuhoji misamaha ya kodi waliyopewa waagizaji wa mafuta ya kula. Alikuwa mbunge wa CCM akiihoji serikali ya CCM. Bunge lilichunguza, na kabla ya mwaka kwisha Waziri wa Fedha, Profesa Simon Mbilinyi, alijiuzulu. Hakuna aliyekamatwa usiku, wala hakuna baraza lililokaa bila mawakili. Mtu mwenye muhuri aliulizwa mbele ya macho ya wote, akaondoka. Wapo waliosema wakati huo kwamba mbunge yule alikidhuru Chama. Ukweli ni kwamba mafuta yasiyolipiwa kodi ndiyo yaliyokuwa yakikidhuru, na mwanachama aliyelisema hilo ndani ya kikao halali alikuwa anafanya kazi ya ulinzi.

Na suala la mpaka bado lipo. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, nia ilikuwa kulinda akiba ya chakula, na nia hiyo mtu hawezi kuibeza. Lakini wakulima wa Rukwa walibaki na mahindi na bei ikaanguka, na ikabidi baadaye zuio liondolewe. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Sumbawanga na hununua sehemu tu ya mavuno. Kinachobaki lazima kipate soko, la ndani au la Kasesya. Tofauti na miaka ya 1980 ni kwamba leo mkulima anaweza kulisema jambo hilo kwa mbunge wake, na kwa halmashauri yake, kabla hajapakia baiskeli.

Tena anayo ngazi iliyo karibu zaidi. Kwa sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, ambapo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Makundi ya mafunzo yanayotumia makala hii yanashauriwa yasianze na maswali ya jumla kuhusu Sokoine. Yaanze kwa kutafuta katika vijiji vyao ni lini mkutano huo ulikutana mara ya mwisho, taarifa ilisomwa na nani, ushuru wa mazao ulioingia ulikuwa kiasi gani, na ni mwananchi yupi aliyeuliza swali na akajibiwa vipi. Majibu yaandikwe na kuletwa darasani pamoja na tarehe zake.